Nikiwa kwenye nusukaputi nilikuwepo? Na sasa hivi najuaje kwamba nipo?

Binti Cherehani (Tanga)

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili limenikaa kichwani tangu nitoke hospitali, na hapa nyumbani kila ninayemwambia ananijibu nipumzike.

Nilifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Nikalazwa thieta, taa ile kubwa juu yangu, kaka mmoja mwenye barakoa akaniambia nihesabu polepole. Nikaanza kuhesabu. Kilichofuata ni sauti ya mama mmoja wodini anaomba maji. Nikamuuliza muuguzi, "Mnaanza saa ngapi?" Akanijibu, "Tumemaliza zamani, dada." Nje giza lilikuwa limeshaingia.

Usingizi wa kawaida naujua. Hata usipoota, ukiamka unajua kwamba umelala, usiku umekupitia mwilini. Kule hakuna kilichopita. Ile namba niliyokuwa naitamka na yule mama wa maji vimeungana kama pindo lililoshonwa vizuri, sioni hata mahali uzi ulipoingia.

Mdogo wangu yuko chuo. Akaniambia kuna Mfaransa aliyesema: nafikiri, kwa hiyo nipo. Alitaka kunituliza, lakini amenizidishia. Kama kufikiri ndiko kunakonihakikishia kwamba nipo, basi masaa yale sikufikiri chochote. Sikuwepo? Na kama niliweza kutokuwepo bila kujua, bila hata kuona pengo, uhakika wangu wa sasa, nimekaa kwenye mashine naunga sare za shule za watoto wa watu, unatoka wapi?

Msiniambie nijibane. Ndotoni nimewahi kuchomwa na sindano kidoleni na maumivu nikayasikia, nikaamka kidole kizima. Maumivu hayathibitishi kitu.

Nauliza kwa moyo wangu wote. Tunajuaje kwamba kweli tupo?

Mzee wa Pangani

Pole kwa maradhi, mwanangu. Aliyekuumba anajua upo, na kujua kwake kunatosha. Maliza dozi, kula vizuri, sali. Maswali haya yanachosha roho bure.

Binti Cherehani (Tanga)

Shikamoo mzee wangu, ahsante kwa pole. Kusali nasali. Lakini swali hili sikulitafuta, lilinifuata kitandani, na naona si adabu kulifukuza kabla sijalisikiliza.

Mwalimu Kilolo

Dada, mdogo wako amekupa neno la mwisho akaacha njia nzima. René Descartes, huyo Mfaransa wake, hakuanza na uhakika, alianza na woga kama wako. Katika kitabu chake cha 1641 anajipa kazi ya kuweka kando kila kitu kinachoweza kutiliwa shaka hata kidogo. Macho yamewahi kumdanganya: mnara wa pembe nne, ukiwa mbali, ameuona wa mviringo. Ndotoni amejiona ameketi karibu na moto amevaa joho, kumbe amelala kitandani bila nguo. Mwisho anawazia kiumbe mwenye nguvu na hila, asiye na kazi nyingine ila kumdanganya, hata anapojumlisha mbili na tatu. Hapo ndipo anapokuta mwamba. Huyo anidanganye atakavyo, hawezi kunifanya niwe si kitu wakati mimi nafikiri kwamba ni kitu. Wa kudanganywa lazima awepo. Augustino, askofu wa Hippo, mji unaoitwa leo Annaba huko Algeria, alikuwa ameshasema jambo la namna hiyo zaidi ya miaka 1,200 kabla yake: nikikosea, nipo.

Lakini ona mipaka ya maneno hayo. Descartes anasema sentensi "mimi nipo" ni kweli kila anapoitamka au kuiwaza. Kila anapoiwaza, si zaidi. Jana haimo. Mwili haumo. Jina lako, Tanga, mashine yako ya kushona, vyote havimo bado. Na hofu yako aliiona mwenyewe, maana kurasa chache mbele anaandika kwamba huenda akiacha kufikiri kabisa ataacha pia kuwepo. Baadaye akajitetea kwa kushikilia kwamba roho haiachi kufikiri hata nukta moja, hata ya mtoto aliye tumboni, ila tunasahau. John Locke wa Uingereza akalipinga hilo mwaka 1690: mtu amelala fofofo bila ndoto, unamwambia alikuwa anafikiri usiku kucha ila hajui, ushahidi wako ni upi? Hapo mimi niko na Locke.

Kwa hiyo kuhusu "sasa hivi", shaka unayoiandika ndiyo jibu lako, kwa sababu shaka haielei hewani bila mwenye kuitia. Kuhusu masaa ya thieta, hoja hiyo haina la kusema, wala haikuahidi kusema.

Kichwani mwa Kitanda (Kusini)

Dada Cherehani, pole na kidonda. Kazi yangu ni ile ya yule kaka mwenye barakoa. Ni muuguzi wa usingizi, niko hospitali ya misheni huku Kusini, na swali lako nimeulizwa na wagonjwa wakiwa bado kwenye machela, wengine wanalia. Siwezi kulipita.

Acha nikueleze yale masaa yanavyokuwa, kwa kuwa wewe hukuyaona na mimi huwa nayaona. Nakaa upande wa kichwa. Kipimo cha oksijeni kimebana kidole chako, kinalia kila moyo unapopiga, na sikio langu haliondoki kwenye mlio huo hata nikiwa naongea na daktari. Kila dakika 5 naandika presha na mapigo kwenye chati. Kisu kinapogusa ngozi, kama dawa bado ni ndogo, mapigo yanapanda, presha inapanda, jasho linatoka kwenye paji la uso, machozi yanapenya kwenye kope zilizofumbwa. Hayo manne tunafundishwa kuyatazama tangu siku za mwanzo. Nikiyaona naongeza dawa, na yanatulia. Ubongo nao hauzimwi. Mawimbi yake ya umeme yanakuwa ya polepole na makubwa, na watafiti wengi wanaona kwamba sehemu zake zinaacha kupokezana habari kama zinavyofanya mtu akiwa macho. Kwa hiyo kuna kitu pale, na kitu hicho ni chako, kinanijibu. Najua Mwalimu atasema huo ni mwili tu na wewe unauliza juu ya "mimi". Sawa, nakuja huko.

Unasema hukuwepo kwa sababu hukumbuki. Naomba uvitenganishe hivyo viwili, maana kazini kwangu vinatengana kila wiki. Kuna dawa inaitwa midazolamu, tunaitoa kumtuliza mgonjwa kabla ya kumfanyia jambo. Nikishampa, ananitajia jina la kijiji chake, anauliza mtoto wake amebaki na nani, anacheka nikimtania. Kesho yake nampitia wodini, anaapa hajawahi kuniona. Yule aliyeniuliza habari za mtoto hakuwa mtu mwingine. Alikuwepo, alikuwa na wasiwasi wa mama, na nilimjibu. Kilichokosekana ni kumbukumbu tu.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo. Mwaka 1977 daktari mmoja wa Aberdeen, Scotland, jina lake Tunstall, alitangaza njia ya kuwapima akina mama wanaojifungua kwa upasuaji wakiwa wamelazwa kwa dawa. Kabla hujatoa dawa ya kulegeza misuli, unafunga mkono mmoja kwa mkanda kama ule wa kupimia presha na kuujaza hewa, ili dawa isifike kwenye mkono huo. Mwili wote unalegea, mkono ule unabaki na nguvu zake. Halafu unamwambia mgonjwa sikioni: kama unanisikia, bana mkono wangu. Baadhi wanabana. Wanaamka baadaye, unawauliza, hawakumbuki chochote, wanasema kama wewe: nilikuwa nahesabu, kisha nikasikia mtu anaomba maji.

Sisemi kwamba wewe ulikuwa unasikia. Dawa ikikolea vizuri siamini kwamba kuna anayesikia, na hiyo ndiyo rehema yenyewe. Kabla ya 16 Oktoba 1846, siku etha, dawa ya kulaza mgonjwa kwa mvuke, ilipoonyeshwa mbele ya watu pale Boston, wengi wa waliopasuliwa walikuwepo kwa kila dakika ya kisu. Ninachosema ni kwamba pengo lako haliwezi kukueleza ndani yake kulikuwa na nini. Huwezi kusoma "sikuwepo" kutoka kwenye "sikumbuki". Hata utotoni mwako, kabla hujajua kuongea, hukumbuki, na hakuna anayesema hukuwepo.

Muthoni Anauliza (Nairobi)

Naomba nichokoze kidogo, kwa nia njema. Nyote mnasema "aliyekuwepo", "mwenye shaka". Nani amemwona huyo mwenyewe? David Hume, Mskoti, aliandika 1739 kwamba kila alipojichungulia ndani kumtafuta huyo "mimi", alikutana na joto au baridi, mwanga au kivuli, upendo au chuki, maumivu au raha. Mwenyewe hakumkuta hata siku moja. Mimi nimejaribu pia, nikiwa kwenye matatu jioni. Nakuta njaa, nakuta kelele ya redio, nakuta wasiwasi wa kodi ya nyumba. Labda Descartes alikuwa na haki ya kusema "kuna kufikiri" tu, akaongeza mtu bila ruhusa.

Tena kuna wagonjwa wanaosema hawapo. Jules Cotard, daktari Mfaransa, alimweleza mmoja mwaka 1880: mwanamke aliyekana kwamba ana ubongo, neva, kifua wala tumbo, akasema hahitaji kula, na mwisho alikufa kwa njaa. Kama uhakika wa kuwepo uko wazi kwa kila mtu, yeye aliupotezaje?

Mwalimu Kilolo

Muthoni, hoja ya Hume ni nzito na nimeshindwa kuivunja tangu nilipokuwa mwanafunzi. Lakini tazama: njaa uliyoikuta kwenye matatu hukuuliza ni ya nani. Hukugeuka kumtazama jirani yako kuona kama ni yake. Huenda "mimi" si kitu cha kukutwa miongoni mwa vitu vingine, ndiyo maana msako unarudi mikono mitupu.

Na yule mgonjwa wa Cotard anatisha, lakini alichopoteza ni hisia. Alikuwa anasema "sina". Anayesema yupo.

Darsa ya Alasiri (Unguja)

Assalaam aleikum. Mzee wangu wa Pangani, kwa heshima zote, naona binti huyu yuko katika njia waliyoipita wakubwa zetu. Imamu Ghazali, ambaye vitabu vyake vinasomwa misikitini kwetu hadi leo, alipatwa na haya haya. Ameeleza mwenyewe. Alianza kushuku macho: kivuli unakiona kimesimama, na baada ya saa moja unajua kilikuwa kinatembea, nyota unaiona kama dinari, na hesabu za wataalamu zinaonyesha ni kubwa kuliko ardhi. Akasema, basi nitaamini akili. Kisha ikamjia: na akili je? Ukiwa ndotoni unaamini kila unachokiona, ukiamka unajua hakikuwa kitu. Huenda iko hali nyingine ambayo ukilinganisha nayo, kuwa macho huku ni ndoto. Alikaa hivyo karibu miezi miwili, mgonjwa wa shaka. Na anasema hakupona kwa kupanga hoja, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Kwa hiyo mzee umesema kweli kuhusu tiba. Lakini Ghazali hakuonea haya ugonjwa.

Dada, jibu lililo karibu zaidi na thieta yako liko kwa Ibn Sina, tabibu aliyezaliwa 980 karibu na Bukhara. Anasema: jifikirie umeumbwa kwa mara moja, mtu mzima kamili, macho yamefunikwa, unaelea mahali ambapo hata hewa huisikii, viungo vimetengana havigusani. Huoni, husikii, hugusi. Huna habari ya mkono wala mguu wala moyo. Je, utakana kwamba wewe upo? Anasema hutakana. Utajithibitisha nafsi yako bila kuthibitisha kiungo hata kimoja.

Hiyo wengi wanaijua. Isiyotajwa sana ni kwamba katika maandishi yake ya baadaye anamgusa aliyelala na mlevi. Anasema hata aliyelala katika usingizi wake, na mlevi katika ulevi wake, nafsi yake haimponyoki, ijapokuwa picha ya kujijua huko haibaki katika kumbukumbu. Nilipomsoma ndugu yetu muuguzi nilisimama nikaenda kutazama tena ukurasa huo. Karibu miaka 1,000, bila mashine hata moja, na tofauti ni ile ile: kutokumbuka na kutokuwepo.

Kichwani mwa Kitanda (Kusini)

Ustadh, huyo mtu anayeelea mimi nimemwona, nusu yake. Akina mama wengi tunawapasua kwa sindano ya mgongo, si kwa kuwalaza. Mama anaketi ukingoni mwa kitanda, magoti yamekunjwa, nachoma, kisha tunamlaza haraka na kunyoosha miguu. Kuna ambao baada ya dakika chache wananiambia, "Baba, mbona mmeikunja miguu yangu? Ishusheni." Miguu imenyooka juu ya kitanda. Nikimwinulia kichwa aone, anaitazama kama miguu ya jirani. Ubongo umebaki na picha ya mwisho uliyoipokea kabla ganzi haijaingia. Kwa hiyo kuhusu miguu yake mwenyewe mtu anaweza kukosea kabisa. Lakini sijapata mgonjwa wa sindano ya mgongo aliyekosea kuhusu nani aliye na wasiwasi.

Ketamini, dawa nyingine ya usingizi, ni habari nyingine, na hapa namjibu pia dada Muthoni. Dawa hii ilitengenezwa 1962, na hospitali nyingi za wilaya zinaitegemea kwa sababu mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Wakati wa kuzinduka, wengine wanasema walikuwa juu ya dari wanajitazama chini. Mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Nimekufa?" Nikamwambia hapana, uko wodini. Akasema, "Unanidanganya, mimi nimekufa." Alirudia hivyo mpaka jasho likamtoka. Nilikaa naye. Sikumpa hoja, ingawa hoja ya Mwalimu ilikuwa pale pale mdomoni mwake, katika hilo neno "mimi". Nilimshika mkono, nikamtajia jina lake, nikamwita mwanawe aliyekuwa nje. Alipoisikia sauti ya mwanawe akauliza kama ng'ombe wamefungwa. Basi, amerudi.

Tangu hapo naona kuna mambo mawili tunayachanganya. Hoja inaweza kukupa kwamba upo. Kujisikia upo ni jambo jingine, linatoka mwilini na kwa watu, na linaweza kupungua hata hoja ikiwa nzima. Dada Cherehani, kama ile hali ya kujiona uko mbali na mwili wako, au kama vitu si vya kweli, inakufuata mchana, inakunyima kula au kulala, usibaki nayo peke yako ukitafuta hoja bora zaidi. Nenda kliniki ya afya ya akili, mweleze daktari kama ulivyotueleza. Ina jina, inatibika, na haimaanishi umerukwa na akili.

Binti Cherehani (Tanga)

Nimesoma yote, mengine mara kadhaa, mashine imesimama leo na wenye sare watanisamehe. Ahsanteni. Mchana niko sawa kaka, ni usiku tu, na nitafuata ulivyosema ikizidi.

Kuhusu sasa hivi, Mwalimu, nimekubali. Nilijaribu kuishuku shaka yangu na kila nilipojaribu nilijikuta mimi ndiye ninayejaribu. Muthoni, hata kama siwezi kumwonyesha huyo mimi kwa kidole, siwezi pia kumpangusa.

Ninachokikataa ni kitu kimoja. Ustadh, Ibn Sina anasema nafsi haikuponyoka, na mimi nataka sana iwe hivyo, lakini kutaka kwangu hakutoshi. Kwa nilivyomwelewa kaka muuguzi, hakuna ajuaye ndani ya pengo kulikuwa na nini, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza kutojua. Wanaojua chochote kuhusu masaa yale ni waliokuwa wamesimama pale. Sikuwahi kuwaza kwamba sehemu ya maisha yangu inaweza kujulikana na watu nisiowajua hata sura, walioiandika kwenye karatasi, na mimi nisiijue. Nimeona uchungu kidogo, na shukrani pia.

Kaka, hiyo chati unayosema, ya kila dakika 5. Yangu bado ipo? Naweza kuiona?

Kichwani mwa Kitanda (Kusini)

Unaweza kuomba. Fomu ya usingizi hukaa ndani ya faili lako pamoja na maelezo ya upasuaji. Siku ya kwenda kutolewa nyuzi, chukua kadi yako, mwambie daktari kwamba ungependa kuona na kuelezwa. Kila hospitali ina utaratibu wake, ila kuomba ni haki yako.

Ukiishika, saa zimeandikwa juu, kushoto kwenda kulia. Alama za V, moja imesimama na nyingine imegeuzwa, ni presha ya juu na ya chini. Nukta ni mapigo ya moyo. Pembeni utaona dawa na muda zilipotolewa. Tafuta palipoandikwa kuanza kwa upasuaji, utaona mara nyingi nukta zinapanda kidogo hapo, kisha zinashuka. Kama kuna alama usiyoielewa, iandike hapa nikuelezee.